Misali, mimbari na sheria: dini inalinda mazingira kweli, au ni picha za miche tu?

#1 Mzee_wa_Dago

Assalam alaykum, na wengine hamjambo.

Juzi imesambaa picha ya viongozi wa dini wamepanga mstari, kila mmoja na mche wake na sepetu mpya ambayo haijaonja udongo. Chini yake nusu ya watu wanaandika "Mungu awabariki", nusu "maigizo". Mie sikuandika kitu, lakini imenikaa kichwani, ndiyo nikaona nifungue uzi.

Mie mtu wa Wesha, Pemba. Baba mvuvi, na mie mwenyewe nimevua miaka kumi na tatu kabla sijahamia kwenye kuuza barafu. Nataka kuwahadithia Misali, kisha mnijibu suala langu.

Kwa wasiokijua: ni kisiwa kidogo magharibi ya Pemba, hakifiki kilomita moja ya mraba. Hakina kijiji. Wavuvi kutoka shehia nyingi (mitaa yetu, kila mmoja na kiongozi wake, sheha) wanapiga dago pale, yaani kambi ya uvuvi, siku kadhaa au wiki, kwa kufuata bamvua, maji makubwa. Kasa wanataga kwenye mchanga wake, popo wa Pemba wanalala kwenye miti yake. Wazee wanahadithia kuwa Nabii Hadhara alifika akawaomba wavuvi msala aswalie, nao hawakuwa nao. Akasema basi kisiwa hiki ndicho msala wangu, maana kimeelekea kibla. Ndiyo ukasikia Misali.

Mwanzoni mwa miaka ya 90 palikuwa na mpango wa kujenga hoteli pale, wavuvi wakakataa. Mwaka 1998 serikali ikakitangaza eneo la hifadhi. Bahari ikagawiwa: kipande kidogo upande wa magharibi hakuguswi kabisa, kwengine unavua kwa zana halali. Kwenye karatasi mambo yakawa mazuri. Baharini, baruti ya kuulia samaki iliendelea kulia, na kigumi, uvuvi wa kuwatoa samaki kwa kupigapiga miti, kiliendelea kupigwa juu ya matumbawe. Watu hawakuwa wajinga wa kanuni, walizijua. Waliziona za serikali tu, na kitu cha serikali unakivizia kama unavyomvizia mwenye duka akigeuka.

Karibu na mwaka 1999 shirika la misaada la CARE, waliokuwa wakifanya kazi kisiwani, wakashirikiana na IFEES, jumuiya ya Kiislamu ya mazingira ya Birmingham aliyoianzisha Fazlun Khalid, pamoja na Ofisi ya Mufti. Wakakaa na masheikh, walimu wa madrasa, masheha na wavuvi. Haikuletwa dini mpya. Zilitolewa aya zile zile tulizozihifadhi tangu chuoni zikasomwa na bahari iko mbele yetu. Mizani ya Surat Rahman. Ukhalifa, yaani mtu kuwekwa mwangalizi wa ardhi. Israfu, yaani ubadhirifu.

Ijumaa moja naikumbuka kama jana. Khatibu alisoma aya ya Surat Rum, "Dhahara l-fasadu fil barri wal bahri bimaa kasabat aydi n-nas", akaifasiri polepole: uharibifu umedhihiri bara na baharini kwa yale yaliyochumwa na mikono ya watu. Halafu akanyamaza. Safu ya tatu alikuwepo bwana mmoja ambaye mkono wake wa kulia ulibaki vidole viwili, na kila mtu alijua vile vitatu vilikwenda wapi. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Watu mia mbili, hakuna shingo iliyogeuka, na ndiyo kila mtu akajua kuwa mwenzake anamfikiria yeye.

Baada ya hapo niliona watu wanaacha baruti bila ya kukamatwa. Sisemi wote.

Suala langu sasa. Khutba ile ilifanya kazi kwa kuwa ni maneno ya Mungu, au kwa kuwa nyuma yake palikuwa na mpaka uliochorwa, kamati za wavuvi za shehia na boti ya doria? Maana mie niliiona boti ya doria imelala ufukweni miezi, haina mafuta, na khatibu ni yule yule na aya ni zile zile, na milio ikarudi. Mwaka 2005 Misali ikaingizwa ndani ya hifadhi kubwa ya mkondo wa Pemba, PECCA, na eneo likawa kubwa mno kuliko nguvu ya kulilinda.

Karibuni.

---

#2 siti_ya_mbele

Nimeweka kambi. Nina chai na kashata.

---

#3 Kapteni Mstaafu

Mkuu, umeandika vizuri ila umejijibu mwenyewe. Boti ikikosa mafuta, khutba nayo inakosa mafuta.

Mimi nimekaa pwani ya Dar na kusini huko zaidi ya miaka ishirini. Kuna siku asubuhi moja unahesabu milio ya baruti mpaka unachoka. Misikiti ilikuwepo, makanisa yalikuwepo, na baadhi ya wapigaji walikuwa wanafunga Ramadhani vizuri tu. Kilichonyamazisha milio ni doria za pamoja za 2017 na 2018. Askari walipoanza kwenda mpaka kwenye nyumba za wauza vilipuzi na wenye boti, kwa miezi michache bahari ikawa kimya.

Dini ifundishe maadili. Sera waachiwe wenye kazi yao.

---

#4 Mzee_wa_Dago

Kapteni, nakubali doria ya 2017 na 2018 ilifanya kazi, nani atabisha. Ila niulize: taarifa za nyumba zile mlizipata wapi? Askari hakuoteshwa. Alisema mtu wa kijiji. Na mtu wa kijiji hasemi mpaka awe ameshaona kwamba yule anayepiga baruti anamdhulumu yeye, si serikali. Hapo ndipo pa mimbari, nionavyo mie.

---

#5 Mama Mche

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwalimu, Machame, Mlutheri wa kuzaliwa.

Huku kwetu Dayosisi ya Kaskazini ya KKKT, kanisa letu la Kilutheri, suala la miti si la picha. Askofu Fredrick Shoo watu walimwita askofu wa miti kabla hata hajawa Mkuu wa Kanisa, na kilichompa jina hilo ni kitu cha kawaida kabisa: mtoto wa kipaimara apande miti. Unajua kipaimara kwetu kilivyo na uzito, mbuzi wanachinjwa, ndugu wanatoka Dar. Sasa katikati ya kukariri amri kumi na ungamo la imani, mtoto anabeba mche.

Mwanangu alipanda mitano. Mitatu ipo mpaka leo, mmoja mbuzi wa jirani aliumaliza wiki ya kwanza, wa tano ulikauka kwa sababu tulienda kwenye msiba wiki mbili na hakuna aliyeumwagilia. Nasema hivi kwa sababu kwenye ripoti huwa inaandikwa "mitano imepandwa". Hakuna safu ya "ipo hai".

Na mlima unaonekana. Babu yangu alikuwa anaonyesha kwa fimbo theluji ilipokuwa inaishia alipokuwa kijana. Tangu 1912 zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya Kilimanjaro imekwenda. Najua miti ya kipaimara haitairudisha, joto la dunia halisikilizi dayosisi moja. Lakini maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, shambani kwangu yanategemea msitu kuliko theluji, na huo msitu tunaweza kuugusa.

Kinachoniuma ni kingine. Jumapili tunaombea uumbaji, Jumatatu gunia la mkaa linashushwa jikoni kwa mchungaji.

---

#6 Mpishi Mkuu

Mama Mche umenigusa, ngoja niseme ya jikoni.

Nimepika miaka tisa kwenye shule ya bweni ya taasisi ya dini, sitaitaja. Wanafunzi mia nne na kitu. Uji, maharage, ugali. Maharage ndiyo muuaji wa misitu, wakuu, msidanganyike. Ukiweka sufuria kubwa saa kumi usiku, kuni zinaingia kama unalisha ng'ombe. Lori moja la kuni halimalizi mwezi. Ukutani, juu ya mlango wa jiko, pamebandikwa bango zuri kabisa: "TUTUNZE MAZINGIRA, NI AGIZO LA MUNGU". Limekuwa jeusi kwa masizi, maandishi unayasoma ukiyafuta kwa kitambaa.

Kila mwaka kwenye kikao nilikuwa nasema tupate gesi au hata majiko banifu. Jibu: bajeti. Ikaja amri ya serikali kwamba taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa. Baadaye, 2024, ukatoka Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Ghafla bajeti ikapatikana! Mtungi mkubwa ukaletwa, wakaja na watu wa kutuelekeza.

Kwa hiyo swali la mleta mada nalijibu hivi: kwetu haikuwa dini iliyoisukuma serikali. Serikali ndiyo iliyoikumbusha dini aya zake.

---

#7 siti_ya_mbele

😂😂 "Serikali iliikumbusha dini aya zake." Hii naiandika kwenye kanga.

---

#8 Wakili wa Kijiji

Nimesoma tangu juu. Mnabishana kama vile mahubiri na sheria ni timu mbili zinazogombea kombe. Kazi yangu ni kuzunguka vijijini kusaidia kuandika sheria ndogo, kwa hiyo niwaeleze inavyokuwa bara (Zanzibar wana utaratibu wao).

Halmashauri ya Kijiji ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Inaandaa rasimu, inaipeleka Mkutano Mkuu wa Kijiji, wananchi wanaijadili, kisha inakwenda Halmashauri ya Wilaya kuidhinishwa. Ikitoka hapo ni sheria, faini yake ni faini. Sasa hatua inayoua rasimu nyingi ni ipi? Mkutano Mkuu. Watu hawaji. Akidi haitimii, mwenyekiti anaahirisha, mara tatu, mara nne, rasimu inazeeka kwenye faili.

Kuna kijiji tulikwama mwaka mzima na sheria ndogo ya chanzo cha maji. Mita sitini kutoka chanzo, hakuna kulima. Mtendaji akachoka. Mzee mmoja akashauri tuwaombe padre na imamu watangaze mkutano, kila mmoja kwa watu wake, na kila mmoja aseme maneno mawili kuhusu maji. Padre alisoma Mwanzo sura ya pili, "akamweka katika bustani ya Edeni, ailime na kuitunza", akaongeza la kwake: nyinyi mmebaki na kulima tu, kutunza mmewaachia malaika. Imamu alitaja hadithi ya kutofanya israfu ya maji hata ukiwa kwenye mto unaotiririka. (Wenye elimu ya hadithi wanaijadili isnadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, najua, msinivamie.)

Siku ya mkutano watu walijaa mpaka wengine wakakaa juu ya matofali ya zahanati inayojengwa. Rasimu ilipita. Na wala haikupita kirahisi! Bibi mmoja mwenye shamba la magimbi pale pale chanzoni alisimama akauliza: "Na mimi Mungu ameniweka bustani ipi?" Padre hakuwa na jibu. Ikabidi kijiji kimtafutie kipande kingine, ikachukua miezi mitano.

Kapteni, unasema sera waachiwe wenye kazi yao. Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio wenye kazi yao. Na hao hao ndio wanaokaa kanisani na msikitini.

---

#9 Mwana wa Kwale

Hamjambo jamaa wa ng'ambo ya mpaka. Mimi Mdigo, natoka Kwale, Kenya, naomba nichangie la huku kwetu, na nitasema jambo ambalo huenda wengine msilipende.

Mkisema "dini" mnataja msikiti na kanisa. Lakini misitu iliyobaki kwenye pwani yetu, mingi yake ni kaya, yaani misitu mitakatifu ya mababu. Iliyoitunza ni wazee wa kaya, ambao miaka mia moja na zaidi mashekhe na wamishonari wamekuwa wakiwaita washirikina. Ndani ya kaya hukati mti, hata tawi kavu huokoti. Ukiingia Kaya Kinondo unafungwa kitambaa cheusi, na unaingia kwa adabu kama unavyoingia kwa mkwe. Hakuna askari pale mlangoni. Kijana wa kisasa akicheka, mzee anamwambia tu: haya, kata.

Na sheria ikaja juu ya hilo. Mwaka 1992 kaya zikaanza kutangazwa turathi za taifa, na 2008 UNESCO ikaziingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Watu wengi walidhani hiyo ni sifa tu ya kuleta watalii.

Sasa sikilizeni kisa cha Mrima. Mrima ni kilima cha kaya hapa Kwale, na chini yake kuna niobi na madini adimu ya pesa nyingi. Kampuni ya nje ikapewa leseni 2013, leseni ikafutwa mwaka huo huo, wakaishtaki Kenya kwenye kituo cha usuluhishi cha Benki ya Dunia kule Washington. Uamuzi ulitoka Oktoba 2018: Kenya ilishinda. Sababu? Mrima ilikuwa msitu wa hifadhi na turathi ya taifa, na kampuni haikutimiza masharti ya sheria za mazingira, tathmini ya athari ikiwemo. Kwa hiyo leseni haikuwa leseni.

Wale wazee waliokubali 1992 msitu wao wa mizimu uandikwe kwenye gazeti la serikali, sijui kama kuna aliyewaza kwamba ile karatasi itasomwa Washington na mawakili wa suti. Lakini bila kaya pasingekuwa na turathi, na bila turathi hoja ya Kenya ingekuwa na mguu mmoja pungufu.

Sasa msinijie na "dini ibaki mahali pake". Mahali pake ni wapi?

---

#10 Kapteni Mstaafu

Mwana wa Kwale, hii ya Mrima sikuijua. Nimeisoma mara mbili.

Ila bado: iliyoshinda Washington ni karatasi.

---

#11 Mwana wa Kwale

Ndio, kaka. Na karatasi ilikuta msitu bado umesimama. Sehemu nyingi karatasi hufika ikakuta visiki.

---

#12 Mchokoo

Wakuu mmeniangusha. Kurasa hizi zote ni miche, baruti, sufuria za maharage. Mambo makubwa hakuna anayegusa? Viongozi wetu wa dini ni hodari kumkemea mama anayekata kuni. Wakikuta mkataba wa madini, wanafunga macho na kuomba dua ya ufunguzi.

---

#13 Mdadisi_Dodoma

Mchokoo si kweli, na hapa lazima tuwatendee haki.

Mwaka 2008 CCT, BAKWATA na TEC, yaani Waprotestanti, Waislamu na Wakatoliki kwa pamoja, walitoa ripoti kuhusu dhahabu ya Tanzania, iliyoandikwa na Mark Curtis na Tundu Lissu. Haikuwa mahubiri. Ilikuwa ya mrabaha (sehemu ya thamani ya madini inayolipwa serikalini), misamaha ya kodi, na fedha ambazo nchi inazikosa. Walikuwa na kamati yao ya pamoja ambayo hata jina lake lilibeba mambo mawili kwa mkupuo: haki ya kiuchumi na uadilifu wa uumbaji. Hilo jina mimi nalipenda, maana lilikataa kutenganisha mto uliochafuliwa na mkataba uliouchafua.

Wakati huo huo Tume ya Jaji Bomani, iliyoundwa Novemba 2007, ilikuwa inapitia sekta ya madini. Sheria mpya ya Madini ikaja 2010: mrabaha wa dhahabu ukatoka asilimia 3 kwenda 4, na ukaanza kukokotolewa kwenye thamani ghafi. 2017 ukapanda tena mpaka 6, na serikali ikajiwekea hisa zisizopungua asilimia 16.

Sitasema viongozi wa dini ndio walioleta haya. Bungeni kulikuwa na moto tangu suala la mkataba wa mgodi wa Buzwagi 2007, wapinzani, wanahabari, wananchi wa maeneo ya migodi wenyewe. Ila jaribu kukumbuka hali ya wakati ule: mwanasiasa akisema mikataba ni mibovu anaambiwa anatafuta kura. Askofu na Sheikh na Mchungaji wakikaa meza moja wakasema hivyo hivyo, utawaambia wanatafuta nini?

---

#14 Mchokoo

Nitawaambia wanatafuta fedha za wafadhili wa Norway na Uingereza 😏 Hiyo ripoti nani aliilipia?

---

#15 Mdadisi_Dodoma

Ililipiwa na mashirika ya kikanisa ya nje, haikufichwa, wameandika humo humo. Swali zuri lakini. Mimi napima hivi: je, asilimia 3 ilikuwa ndogo au haikuwa ndogo? Kama ilikuwa ndogo, aliyelipia karatasi na wino hanisumbui sana.

---

#16 Mtu wa Chongoleani

Mdadisi kwako ni rahisi kwa sababu hiyo hesabu imeshafungwa. Njoo kwenye ambayo haijafungwa.

Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima mpaka hapa kwetu Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, linapashwa joto njia nzima kwa sababu mafuta yenyewe ni mazito. Kuna mtandao wa watu wa dini unaitwa GreenFaith, wana Wakristo na Waislamu, wamelipinga kwa hoja ya hali ya hewa na ya watu waliohamishwa. Sawa. Upande wa pili kuna viongozi wa dini hao hao wanaoalikwa kwenye sherehe zake na kuomba Mungu alibariki. Mungu mmoja, bomba moja, dua mbili.

Mimi shangazi yangu alilipwa fidia, akajenga nyumba ya bati. Jirani yake alisubiri malipo mpaka thamani ya minazi ikawa imebadilika. Msikiti wa mtaa wetu uliwahi kulizungumza? Haukuwahi. Imamu wetu ana vijana wawili walioajiriwa pale. Simlaumu, ningekuwa yeye ningenyamaza pia. Lakini tusijifanye kwamba mimbari ina upepo wake yenyewe. Inavuma kwa matanga ya waumini.

---

#17 Mlei wa Nairobi

Hii ya dua mbili imenikumbusha Novemba 2015. Papa Fransisko alikuja Nairobi, miezi mitano baada ya waraka wake wa mazingira, Laudato Si', kutoka, akaenda Gigiri kwa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, tarehe 26, akapanda mti, akasema itakuwa balaa iwapo maslahi ya wachache yatatawala mkutano wa tabianchi wa Paris, uliokuwa uanze siku nne baadaye. Agosti ya mwaka ule ule wanazuoni wa Kiislamu walikuwa wametoa tamko lao la tabianchi kule Istanbul. Kwa hiyo juu kabisa maneno yamenyooka. Kwa parokia yangu waraka ulisomwa kwa vipande Jumapili tatu, ya nne ikawa harambee ya kuweka sakafu ya saruji kwa uwanja wote ili magari yasikwame kwa matope. Miti miwili ya mikuyu ikaenda. Nilichangia elfu mbili mimi mwenyewe, ndiyo aibu yangu.

---

#18 Bi Pweza

Nimekaa kimya nasoma tangu juzi, sasa naomba nafasi. Mie pia mtu wa Pemba. Mzee wa Dago, khutba yako ni nzuri, hadithi ya vidole nimeisoma nikasisimka. Lakini naomba nikuulize, kaka yangu: nani aliisikia?

Ijumaa msikitini ni wanaume. Nani anatembea juu ya mwamba maji yakitoka? Sisi. Pweza, chaza, kombe, ni wanawake na watoto, mkononi mchokoo wa kumtolea pweza (samahani wewe wa juu, si wewe), miguuni viatu vya plastiki. Tunakanyaga matumbawe kila bamvua, tunapindua jiwe, pweza akikimbia hatulirudishi. Uharibifu ule haupigi mlio, kwa hiyo hakuna khatibu aliyeusikia. Semina zile mlizokaa na masheikh na wavuvi, "mvuvi" kwenye karatasi alikuwa mwanamme mwenye chombo.

Kwetu sisi mafunzo yalifika kwa njia nyengine. Yalifika madrasa, mtoto akarudi nyumbani akaniambia, mama, maalim kasema jiwe ukilipindua ulirudishe kwa kuwa chini yake kuna nyumba ya mtu. Nikamwambia mtu gani? Akasema viumbe vya Mungu ni umma kama nyinyi, ndiyo aya. Nilikasirika kwanza, mtoto wa miaka minane ananifundisha kazi niliyomlelea. Siku ya pili nikalirudisha jiwe.

Halafu ikaja mambo ya kufunga mwamba. Kule Kisiwa Panza, kwa kusaidiwa na shirika la Mwambao, wakawa wanafunga eneo la pweza miezi kadhaa kisha wanafungua. Pweza hukua upesi, ukimwacha miezi mitatu si yule tena, unamwinua kwa mikono miwili. Siku ya kufungua watu wanajaa ufukweni kama sikukuu, na mwanzo inasomwa dua. Dua hiyo mie naiamini kuliko ile ya kwenye sherehe ya bomba, kwa kuwa walioisoma wamekaa miezi na njaa zao wakiutazama mwamba.

Na ugomvi upo! Wapo wanaoiba usiku kwa taa. Wapo wanaosema waliofaidi siku ya kufungua ni wenye vyombo waliotoka shehia nyengine, sisi wenye miguu tukabaki na vidogo. Hayo yanataka sheria, hayataki aya. Sheha lazima aandike nani anaingia kwanza. Tumeshaomba waandike wanawake saa ya mwanzo, mpaka leo tunajibiwa "Inshaallah".

---

#19 siti_ya_mbele

Bi Pweza amemaliza mechi. Kashata zimeisha pia.

---

#20 Wakili wa Kijiji

Bi Pweza, hiyo "saa ya mwanzo kwa wanawake" iandikeni kwa maneno hayo hayo, sentensi moja, muipeleke kwenye kamati ya wavuvi ya shehia kwa maandishi, mbaki na nakala yenye saini ya aliyepokea. Ombi la mdomo hujibiwa Inshaallah. Ombi lenye nakala hujibiwa kwa tarehe.

---

#21 Kapteni Mstaafu

Bi Pweza, shikamoo. Sina la kubisha. Miaka yote ya baharini nilihesabu milio, sikuwahi kuhesabu mawe.

---

#22 Mzee_wa_Dago

Bi Pweza umenisuta, na nimesutika. Nimekwenda kumuuliza mke wangu jana usiku kama aliwahi kuisikia khutba ya Surat Rum. Akasema aliisikia kwangu, nikiwa nakula, na nilichomwambia ni kwamba khatibu alikuwa mrefu mno na wali ulipoa. Wallahi sikumbuki, lakini ndivyo alivyosema, na yeye hasahau.

Nililodhani ni jambo moja, kumbe ni safari. Aya imetoka mimbarini ikasimama kwangu, haikufika mwambani. Ya kwako imetoka madrasa ikafika mwambani, haikufika kwa sheha. Ya Mrima imefika mpaka Washington. Ya imamu wa Chongoleani haijatoka mlangoni.

Sasa nimefanya jambo dogo. Nimezungumza na maalim wa hapa kwetu na sheha. Alkhamisi baada ya Isha tunakaa, si msikitini, tunakaa ukumbi wa madrasa ili kinamama waingie bila ya kuambiwa wakae nyuma ya pazia wasisikike. Ajenda ni mbili tu: eneo la mwamba la kufunga mwaka huu, na ile sentensi ya saa ya mwanzo, kwa maandishi kama alivyosema Wakili. Bi Pweza, kama uko karibu njoo, kama uko mbali niandikie hiyo sentensi niisome.

---

#23 Bi Pweza

Nitakuja mwenyewe. Nakuja na wanne.

Ila suala moja, kaka. Maulidi ya mwezi uliopita hapo hapo ukumbini kwenu nilihesabu chupa za maji zilizotupwa mtaroni nikachoka, na mtaro ule unamwaga pwani. Alkhamisi mnaweka maji gani?

---

#24 Mzee_wa_Dago

Mtungi, bibie. Na kata moja. Mie nauza barafu, nitaitia bure.